Taa ya Mnara Mchana Kweupe

Zagayu, Itilima
Jumapili, mwezi wa kumi

Kwako kaka yangu Maduhu,

Mwangaluka, kaka. Najua huko Dar es Salaam hakuna wa kukusalimia hivyo, ndiyo maana nimeanza na salamu ya nyumbani. Natumaini u mzima, na kwamba kile kikohozi ulichosema kinaletwa na kiyoyozi cha ofisi kimekwisha. Mama ni mzima, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Habari za Baba nitazifikia. Naomba unisome taratibu.

Nimeandika kwa kalamu kwa sababu simu ya nyumbani anakaa nayo Mama, na wewe mwenyewe ulituonya kwamba mkitupigia kutoka ofisini maneno yote yanarekodiwa. Barua hii ataileta Mwalimu Lukresia, anayekuja huko kwenye semina. Yeye ndiye anayehangaika nirudi shule. Mtihani wa kidato cha nne unaanza Jumatatu ya pili ya mwezi ujao, jina langu limesajiliwa, lakini tangu likizo ya mwezi wa sita sijakaa kwenye dawati. Sababu ni mnara wenu wa simu.

Unakumbuka mafundi walipokuja kufunga kile kisanduku cheupe. Kabla ya hapo Baba ndiye aliyewasha jenereta na kupima dizeli kwa kijiti. Sasa mnaona yote kutoka huko: mafuta yaliyobaki, betri zilizochoka, mlango uliofunguliwa. Jenereta inanguruma yenyewe hata kuku wanatawanyika. Baba mdogo Luhende alipoambiwa kwamba Maduhu anatuona kupitia kisanduku, alivua kofia akakisalimia, akakiuliza kitakuja lini kututembelea. Mama alimwambia aache upuuzi, kile kitu hakina macho. Lakini nilimwona naye akifunga kanga yake vizuri kabla ya kupita pale. Tulicheka sana siku zile.

Kazi aliyobaki nayo Baba ilikuwa kukata nyasi na kugusisha kadi. Kila saa taa ya njano inapowaka, mlinzi anagusa kisanduku kwa kadi yake, kinalia, na huko kwenu jina lake linakuwa la kijani. Asipogusa linakuwa jekundu, na likiwa jekundu mara nyingi mnamwondoa. Wewe ndiye uliyemwombea Baba kazi hii, na wewe ndiye unayekaa mbele ya kioo kinachoonyesha majina hayo. Kijiji kizima kinaona tumebarikiwa.

Kaka, saa moja ni fupi sana ukiishi ndani yake. Nikienda kisimani narudi mbio, maji yananimwagikia mgongoni. Nikianza swali la hesabu, taa inawaka kabla sijapata jibu. Shule iko mbali kuliko hiyo saa. Mbuzi wa mama Nyanjige hupita nje ya uzio wakasimama kunitazama, nami nawatazama, kisha wao wanaendelea na safari yao. Rafiki yangu Kwandu huniletea madaftari yake jioni. Siku moja alinitania kwamba nimeolewa na mnara na mahari imelipwa kwa dizeli. Nilicheka naye. Alipoondoka, herufi zote kwenye daftari zilikuwa zinaogelea.

Sasa nakuambia nililokatazwa. Hilo jina la Baba unaloliona la kijani si Baba. Ni mimi mchana, na Mama usiku. Baba hayupo hapa. Mwezi ule wa sita, akikata nyasi ndani ya uzio, alianguka. Tulipomwinua, mkono na mguu wa kulia havikufanya kazi, na mdomo ulikuwa umepinda. Baba mdogo alisema huo si ugonjwa wa hospitali, ni watu waliotuonea wivu kwa ajili yako na mnara, akampeleka kwa mganga kule kijiji cha Shishiyu. Yuko huko mpaka leo, kwenye mkeka, anapakwa dawa. Mama humpelekea chakula.

Nilipomsihi tukuambie, alilia. Alisema kampuni itaweka mlinzi mwingine, na wewe utaulizwa kwa nini ulinyamaza, na nani huko ataamini kwamba hukujua habari za baba yako mzazi? Kisha alinivisha kadi shingoni, kama ndama anavyovishwa kengele.

Siku ile nilipochelewa, ukapiga simu, Mama alikujibu kwamba mzee yuko chooni. Ulicheka. Ulisema aambiwe asisinzie, kwamba kutoka huko unaona kila kitu. Nilikuwa nimesimama karibu, nikatamani kuipokonya ile simu nikuambie kwamba huoni, kaka. Unaona kadi.

Simlaumu Mama, wala wewe. Ninaloomba ni hili. Jumatatu ya mtihani nitavaa sare, nitaitundika kadi langoni, nitakwenda. Jina la Baba litakuwa jekundu mbele yako. Usitume walinzi wa kufukuza wezi. Tafadhali waeleze wakubwa wako mapema, kwa kinywa chako, kisha uje Shishiyu umchukue Baba, umfikishe hospitali Bariadi. Baba mdogo hatanisikiliza mimi, lakini wewe atakusikiliza. Mwalimu Lukresia anasema wagonjwa wa namna hiyo wakifanyishwa mazoezi wapo wanaosimama tena, hata kama wamechelewa. Mara ya mwisho nilipokwenda kumwona, Mama akibaki na kadi, Baba aliniuliza kwa shida, kwa ule mdomo wake, kama nasoma. Nilimjibu kwamba nasoma. Nataka neno hilo liwe kweli.

Usinijibu kwa simu. Ile taa kubwa ya juu ya lango mnaiwasha ninyi kutoka huko, na siku zote huwaka jua likizama. Ukimaliza kusoma barua hii, iwashe mchana kweupe. Watu watasema mitambo imeharibika, na baba mdogo pengine atavua kofia tena. Mimi nitajua ni wewe. Nimeshageuza kigoda changu, sasa nakaa nikiielekea.

Msalimie wifi Salu na umbusu mtoto, ambaye tunamjua kwa picha tu. Mwambie shangazi yake anaandika mwandiko mzuri.

Hata isipowaka, kaka, nitakwenda. Sare nimeshaifua, iko kwenye uzio wa mnara inakauka.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Milembe Masunga