Kadi ya Kiti cha Mbele

Jumamosi, Agosti. Upepo umevuma tangu asubuhi na kutuletea vumbi la njano kutoka kwenye vilima vya mchanga wa migodi. Nimefunga dirisha la chumba changu hapa mtaani La Rochelle, lakini bado nausikia mchanga kwenye meno.

Nina hofu. Niiandike hiyo kwanza, nisije nikazungukazunguka.

Kwaya yetu ya kanisa imealikwa kuimba katika opera ya Kiingereza ya zamani sana, ya malkia anayempenda mgeni aliyeletwa na bahari. Mgeni anaondoka, malkia anakufa kwa uchungu. Malkia wetu ni Mama Neema (si jina lake), msusi kutoka Uvira, mwenye sauti inayowafanya watu waache hata kukohoa. Mimi nimo katika kundi la mabaharia. Tunaimba kwa furaha, tukiwadanganya wanawake wa bandarini kwamba tutarudi.

Leo tulikuwa na mazoezi kwenye ukumbi mmoja mtaa wa jirani, Turffontein. Mwongozaji alikuwa ametuelekeza mara tatu: malkia akifa, simameni wima, mdondoshe maua. Lakini Mama Neema alipolala chini, mama zetu wa sauti ya kwanza walivua viatu mmoja mmoja, wakakaa sakafuni na kunyoosha miguu, kama tunavyokaa kwenye kilio kwetu. Nani husimama mbele ya maiti kama mlinzi wa duka? Mmoja akaanza kuomboleza. Maua yakabaki mikononi.

Malkia akainua kichwa. "Eish, mama zangu! Munalilia nani? Ningali muzima, na nina kichwa cha kusuka saa kumi!"

"Lala kwanza," akajibu Mama Bora, kiongozi wa kwaya. "Mufu hasemaka."

Ukumbi mzima ulicheka. Mwongozaji akafuta macho, akasema basi tufanye hivyohivyo, maua tuyaache.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nalia, na si kwa ajili ya opera.

Mimi ni karani katika ofisi ya wakili, Marshalltown, katikati ya jiji. Alhamisi nilichapa hati ya talaka, na nilikuwa nimeshafika katikati nilipotambua majina. Anayedai talaka ni mume wa Mama Neema, yule anayesema yuko Durban kikazi. Mjumbe wa mahakama atampelekea mama hati hiyo baada ya onyesho. Siku niliyoajiriwa nilitia sahihi kwamba ya ofisini sitayatoa nje. Nikifukuzwa, sijui nani mwingine atampa kazi ya mezani mtu mwenye karatasi za ukimbizi.

Baada ya mazoezi Mama Neema alikuja kuketi kando yangu. "Hata weye, mdogo yangu? Basi kweli nimeimba!" Akatoa kadi nyeupe mkobani. "Weye uko na mwandiko muzuri. Niandikie jina la bwana yangu, tuibandike kwenye kiti cha mbele kabisa. Ameahidi atakuja."

Nikasema, "Sawa, mama."

Sawa!

Kadi iko hapa mezani. Jina hilo nililichapa Alhamisi bila kosa hata moja. Leo nimeshika kalamu tangu chai ilipokuwa ya moto, na chai imepoa. Namwona Jumamosi ijayo akifa huku anakitazama kiti kitupu, watu wakimpigia makofi.

Kumwambia siwezi. Kuliandika hilo jina pia siwezi.

Kesho kabla ya ibada nitapita saluni kwake, nimrudishie kadi ikiwa tupu. Ataniuliza kwa nini, nami sijui kuficha uso wangu. Ukurasa huu wa mtandaoni nitaufunga kwa nywila mpaka hapo. Ukiweza kuusoma, ujue mama ameshaelewa, na huenda mimi sina kazi tena.

Viti vya saluni ni virefu, vya wateja. Akiishiwa nguvu, nitavua viatu, nikae naye sakafuni.