Makande ya Ijumaa

Mama, shikamoo.

Najua marahaba haitakuja, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia. Leo ni Ijumaa. Nimefagia, nimechota maji, makande yameiva na chupa ya chai imejaa. Jua likishagusa mlima nitaufukia moto kwa majivu kama ulivyokuwa ukifanya. Ila sasa nafanya yote peke yangu, na hakuna wa kuniharakisha: "Sabato isitukute na moto!"

Nilipokuwa mdogo nilikuuliza Mungu anapata faida gani sisi tukila chakula cha baridi. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukasema, "Hapati kitu. Ni ili siku moja kwa juma mtu awe mtu, asiwe mikono tu." Nilidhani ni maneno ya kumnyamazisha mtoto.

Ulikufa Ijumaa alasiri, makande yako yakiwa tayari jikoni. Wosia wako niliujua, ulishaurudia mara nyingi: "Nikifa, asichimbe mtu Sabato kwa ajili yangu." Mjomba Salumu, kaka yako, akataka tukuzike Jumamosi asubuhi. Kwao Waislamu maiti hacheleweshwi, na wingu lilikuwa limeshakaa juu ya mlima. Katika ukoo wetu mjomba akisema, mambo yamekwisha, unajua mwenyewe. Mimi nikasimama mbele ya watu wote nikasema hapana. Akaniuliza, "Utamwacha dada yangu aharibike kwa ajili ya siku?" Nilikuwa na neno lako tu. Akaliheshimu, kwa uso wa mtu aliyemeza shubiri.

Msiba usio na moto sijauona popote. Majembe yaliegemezwa ukutani, vijana wakakaa. Akina mama walinung'unika kwamba tunawashindisha njaa. Tukala makande yako ya baridi, kila mtu kiganja kimoja, chakula ulichokipika mwenyewe tukikila kwenye matanga yako. Mjomba hakula. Alikaa kando ya kitanda chako kutwa nzima, akifukuza nzi kwa kofia yake. Hadi jioni chumba kilikuwa kimebadilika harufu, na udi haukusaidia.

Giza lilipoingia mvua ikashuka, haikukatika mpaka asubuhi. Jumapili kaburi lilichimbwa kwenye tope. Vijana walichota maji kwa ndoo, yakarudi, wakachota tena. Jeneza liliposhushwa nilisikia maji. Kila mtu aliyasikia. Mjomba alinitazama mara moja, akaondoka bila kuniaga, na kwa miezi hakukanyaga hapa.

Mchungaji anasema umelala, hujui lolote, maji hayakuumi. Sawa. Mimi nayasikia kila nikilaza kichwa. Sabato zilizofuata nilizishika kwa hasira. Nilikuwa nakaa hapo mlangoni ulipozoea kukaa, nikijiambia kwamba kama siku hii si kitu, basi nilikutia majini bure.

Jumamosi iliyopita Mjomba akaja. Hakupiga hodi, alivuta kigoda chako akaketi, jembe lake akaliweka chini. Akasema maisha yake yote alipita hapa Jumamosi akienda shamba, akikuona umekaa, akakuita mvivu, akaendelea na safari yake. Siku ile ya msiba ndiyo pekee, tangu mlipokuwa watoto, aliyokaa na wewe kutoka asubuhi hadi jioni. Akalia, mama. Mjomba Salumu, kwa sauti. Kisha akaomba makande, akayala ya baridi hivyo hivyo. "Kwa yale maji bado sijakusamehe," akasema.

Alikuwa amekuja kuchimba mfereji upande wa juu wa kaburi lako, mvua za masika zisikufikie tena. Nikainuka kumfuata. Akanizuia kwa mkono. "Kesho," akasema. "Leo dada hataki mtu achimbe."

Kesho yake tulichimba, yeye na mimi, mpaka tukamaliza.

Sijui kama siku ile moja ilikuwa na thamani ya yale maji, na sitakudanganya kwamba najua. Nakukumbuka mpaka naumwa kifua. Lakini amesema kesho atakuja tena, na nimeongeza maharage kwenye chungu. Nakuahidi hili, mama: maadamu nipo kwenye nyumba hii, Sabato haitamkuta kaka yako akipita njia tu.

Lala salama. Jua limegusa mlima, naenda kuzima moto.

Mwanao,
Neema