Fomu ya Ginevra

Jumatatu, 9 Januari
Usajili wa sekondari umefunguliwa. Mjukuu wangu Ginevra anachagua: shule ya hapa mjini, ya Kilatini na Kigiriki, nilikofundisha miaka thelathini na minane, au ile ya bondeni, ya sayansi za jamii. Ya hapa — atakula kwangu kila mchana. Ya bondeni — basi la alfajiri, nami nibaki na redio.

Alhamisi, 12 Januari
Alhamisi, kwa hiyo gnocchi, vile vitonge vya viazi. Nilivikanda mwenyewe. Ginevra alitafsiri mistari mitano ya Kilatini bila kosa. Nikasema: “Vizuri.” Sijui kwa nini sikuongeza neno.

Jumamosi, 21 Januari
Shule zilifungua milango kwa wazazi. Bondeni wanafunzi wanajifunza kuhoji wazee. Ginevra alichukua karatasi yao, akanihoji mimi!
“Bibi, wiki hii nani alikupigia simu?”
Nikamwambia anyooshe mwandiko.
“Jibu kwanza, Bibi. Utasahihisha baadaye.”
Aliyenipigia ni muuza mafuta ya zeituni tu. Sikumwambia. Aliacha nafasi tupu kwenye karatasi, hakurudia swali. Anajua kuuliza — kuliko mimi.

Jumapili, 22 Januari
Chakula kwa mwanangu Ottavio, babake Ginevra. Karipio! Nisimshawishi mtoto. Eti nilimfelisha yeye Kigiriki, darasani kwangu mwenyewe, akarudia mtihani Septemba baada ya kukesha na vitabu wenzake wakiwa baharini. Nilimpa nne kwa kumi kwa sababu ilikuwa nne.
“Mama, wewe hata kengele ya kanisa unaisahihisha!”
Mkewe alicheka jikoni. Nilirudi kwa miguu.

Jumatatu, 30 Januari
Fomu inafungwa saa mbili usiku. Saa moja na nusu Ottavio amepiga simu. Mtoto hajachagua, analia, hataki kumsikia mtu mwingine ila mimi. Kisha sauti ya Ginevra:
“Bibi, sema wewe. Ukisema hapa, basi hapa.”
Kila mchana. Sahani mbili mezani.
Nimewaambia wasubiri, natafuta miwani. Miwani ninayo usoni. Simu iko hapa kando ya daftari. Namsikia: “Baba, usikate! Anatafuta miwani.”
Naandika jibu kwanza, nisije nikasema jingine.
“Nenda bondeni.”
Nimelifuta. Saa mbili kasoro dakika kumi na mbili. Nimeliandika tena.
“Bibi? Upo?”