Kati ya Zambarau na Buluu

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu, Mama hajambo, na bado mnagombania redio. Sisi huku wazima wa mwili. Akili ndiyo sijui.

Barua yako ya tatu nimeipata, na hiyo pia inaniambia nitazame rangi. Jamani, Baba! Ungekuwa jirani ningekuja tugombane ana kwa ana, maana nimechoka. Tangu miezi miwili iliyopita springi zetu za breki za viti vya magurudumu zinarudishwa. Nyingine zimevunjika, nyingine zimelegea hazishiki kitu. Wiki iliyopita mama mmoja mzee alikuwa kwenye mteremko wa hospitali, breki ikaachia, akaenda kusimamishwa na ukuta. Amevunjika mkono. Springi ile niliipika mimi.

Kazi unaijua kuliko mimi. Waya unatufikia ukiwa mgumu tayari. Tukishaupinda kuwa springi tunauingiza kwenye tanuri, moto wa wastani, ili utulie, na rangi yake inabadilika kadiri joto linavyopanda. Ukiutoa mapema, springi inavunjika. Ukichelewa, inalegea, basi tena. Nilimwomba msimamizi anunue kipimo cha joto. Akacheka, akasema mzee wangu alipika miaka thelathini kwa macho tu. Halafu na wewe ukamwandikia, bila hata kuniuliza, kwamba kipimo ni cha wavivu! Hapo ulinimaliza kabisa.

Sasa msimamizi amechoka kuliko mimi. Amesema Ijumaa ndiyo mwisho: apatikane mtu wa kuaminika wa kushika tanuri, la sivyo kazi ya hospitali inaondoka na wote wa upande wetu tunaondoka nayo. Nimempendekezea mtu. Amesema atamkubali ukimthibitisha wewe kwa maandishi, kwa sababu kwake neno lako ndilo sheria.

Kabla sijakwambia ni nani, kaa chini, na Mama awe karibu.

Baba, mimi rangi sizioni. Ulinifundisha kwamba springi ikifika zambarau nitoe, ikigeuka buluu nimechelewa. Kwangu zambarau na buluu ni kitu kimoja, tangu utotoni. Nilikuwa naitikia tu ndiyo Baba, ndiyo Baba, kwa jinsi ulivyofurahi kupata mrithi, na kila mwaka uliopita ulizidi kunifunga mdomo. Aibu yangu imemvunja mtu mkono. Nimekwenda hospitali kumwomba radhi, na msimamizi naye nimeshamwambia.

Aliyekuwa akiona ni Dada, na ndiye niliyempendekeza. Meza yake ya kufungasha ilikuwa hatua nne kutoka kwenye tanuri, na kwa miaka tisa rangi ilipofika alikohoa mara moja, nami nikatoa. Watu walidhani ana kifua. Zile springi ulizozisifu, pamoja na hiyo unayotembea nayo mfukoni kuwaringishia wastaafu wenzako, zote ni za kikohozi chake. Miezi miwili iliyopita walimhamishia stoo, na unajua yaliyofuata.

Unauliza alijifunza wapi? Kwako. Siku uliposema tanuri si mahali pa mwanamke, alikuwa amesimama mlangoni na chai yako. Aliendelea kuileta hiyo chai, na kila alipoileta alitazama.

Amenikataza nisikuandikie. Anasema Baba akiambiwa achague, ataona afadhali springi zivunjike. Nilimfokea, nikamwambia hakujui. Tafadhali usinifanye mwongo mara ya pili. Mwandikie msimamizi leo, usingoje goti lipone.

Mpe Mama salamu zangu nyingi, na majirani wote wanaoniulizia. Dada nilimwachia nafasi hapa chini aweke zake. Ameitazama karatasi, akanirudishia, akasema ataandika Jumamosi.

Ni mimi,
Kitindamimba wako