Nani Alikwambia Hukuwapo?

Missouri City, Texas
14 Machi 2003

Mamangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakushika miguu kutoka huku mbali, na naomba uipokee shikamoo yangu ingawa imechelewa mno. Goti lako linaendeleaje? Na presha, bado yakusumbua? Nimesikia kwa mama mdogo kuwa ndugu yangu Afnan amejifungua mtoto wa kike na kwamba pua amekuchukua wewe. Alhamdulillahi. Mimi mwili wangu mzima, nala, nalala kiasi. Niko hapa kwa mama mdogo Mwanakhamis na baba mdogo Shaame, wala hawajaniacha hata siku moja nijione mgeni.

Barua hii naomba uisome wewe mwenyewe. Najua macho yamechoka na umezoea kumpa Afnan akusomee, lakini hii vaa miwani, kaa penye mwanga, usome polepole. Yamo humu mambo yasiyotaka sauti ya mtu wa tatu.

Muda wote niliokuwa kimya umekuwa ukimuuliza mama mdogo ulinikosea nini. Amenieleza. Kanieleza hata saumu ulizofunga kwa ajili yangu. Hukunikosea kitu, mama. Naliandika hilo mapema, ili ukichoka njiani uwe umeshalipata.

Wakati ule nilikuwa Dallas, nakaa mtaa wa Vickery Meadow, kazi yangu iko mji wa jirani, Garland, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Abba alipofariki nami nikashindwa kuja kumzika, usingizi ulinikimbia. Kazini tulikuwa na mwenzetu, Melania, Mtanzania wa Bukoba, mtu mpole, mwenye mkono mwepesi kwa wagonjwa. Ndiye aliyenikuta nikilia chumba cha kufulia. Hakuniuliza kitu. Alikunja shuka pamoja nami mpaka nikatulia, kisha akanieleza kuwa yeye naye alifiwa na mwanawe, na kuna mahali alikwenda wakamtoa uchungu kama mtu anavyotolewa mwiba. Aliniapia si dini. Mwislamu huingia, Mkristo huingia. Ni elimu ya akili tu.

Wenyewe walipaita Nyumba ya Uwazi. Palikuwa safi, kimya, zulia la buluu kutoka ukuta hadi ukuta, na kila mtu anakuita kwa jina lako akitabasamu. Funzo la kwanza ni kukaa watu wawili kwenye viti, magoti karibu yagusane, mkitazamana. Hucheki, hukohoi, hugeuzi uso. Ukitikisika mnaanza upya. Utasema ni mchezo wa watoto. Lakini kaa hivyo asubuhi nzima, mama, utaona uso wa mwenzio unayeyuka, na moyoni inaingia raha ya ajabu, kama ya mtu aliyeachwa na homa. Raha ile ndiyo waliyonishika nayo. Siku hizi najua ulikuwa uchovu tu.

Baada ya hapo vikaja vikao. Melania akawekwa kuwa kiongozi wangu kwa sababu lugha yetu ni moja. Unafumba macho, unaeleza jambo lililokuumiza. Ukimaliza anakuambia urudi mwanzo. Unaeleza tena. Anakuambia urudi mwanzo, unaona nini kingine? Sauti haipandi, haishuki. Nilianza na kifo cha abba, na kweli kikapungua kuniuma, nikawaamini. Hapo wakanifundisha kwamba kila uchungu umezaliwa na uchungu mwingine, na usipoufikia wa kwanza hutapona. Nikateremka, nikateremka, mpaka nikafika kwa Zaki.

Nisamehe kulitaja jina lake. Nyumbani hatukulitaja, na mimi kifo cha mdogo wangu nilikijua kwa kuambiwa tu: kwamba alikuwa mchanga, akashikwa na degedege, nami niko Lamu kwa bibi. Ndivyo nilivyomwambia Melania, kwamba mimi sikuwapo. Akauliza kwa upole, "Nani alikwambia hukuwapo?"

Nikasema, "Mama."

"Ahsante. Rudi mwanzo."

Maneno hayo tu, mama. Hakukutukana, hakukushuku waziwazi. Lakini nilitoka pale kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka chini ya kitanda alicholalia miaka yote. Kikao kilichofuata nikaona chumba. Kisha pazia. Kisha nikasikia feni. Kila nilipoleta kitu kipya, sauti ya Melania iliingia joto. Nisipoleta, alinyamaza, na kimya kile nilikiogopa kuliko tusi. Siku moja nikaona jambo. Nitakwambia ni jambo gani, lakini niache nifike. Nililia mpaka nikatapika, na nilipofungua macho chumba kilikuwa kimejaa watu wakinipigia makofi. Walinikumbatia mmoja mmoja, wakanipa maua. Nami nilifurahi, mama. Hilo la kufurahi ndilo linaloniamsha mpaka leo.

Tangu hapo ukawa wewe ndiye, kwa lugha yao, mtu anayenizimia taa. Wao hawakusema "mkatae mamako." Waliniuliza tu, kila nilipozungumza nawe, kwa nini nimerudi na uso mzito. Idi iliyofuata ulipiga simu sipo, ukaacha sauti kwenye mashine, ukanitakia heri na kuniombea dua. Melania akataka tuisikilize pamoja. Tukaisikiliza, tukairudia, tukairudia, mpaka maneno yako yakapoteza maana, yakabaki pumzi tu. Akaniuliza nasikia nini. Nikasema nasikia woga. Akasema mwenye woga huo ana siri. Nikaifuta sauti yako kwa kidole changu mwenyewe, nikaacha kupokea simu. Baadaye nikaacha kazi, nikahamia kwao, nikawa nafagia na kupika. Na swala nikaiacha, kwa kuwa walinieleza ni sauti za watu wengine ndani ya kichwa changu. Sikuona kuwa sauti niliyobaki nayo haikuwa yangu.

Mama mdogo ndiye aliyenifuata, akatoka huku Houston. Walimzuia mlangoni, akaketi kwenye ngazi za mbele na tasbihi yake, baba mdogo akimngoja garini, akasema haondoki. Mwishowe wakanitoa nje, Melania yuko ubavuni mwangu. Mama mdogo hakunihubiria wala hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Umeona nini, mwanangu, hata mamako akawa adui?" Nikamweleza kwa sauti kavu, kama msomaji wa habari.

Yeye hakukwambia. Alisema neno hili lazima litoke kwangu. Basi litoke.

Niliuona mkono wako, mama, umeshika leso iliyokunjwa, unaiweka juu ya uso wa Zaki, nawe unatazama dirishani, mpaka akaacha kurusha miguu.

Tua barua kidogo. Vuta pumzi. Kisha usome.

Mama mdogo alinyanyuka pale kwenye ngazi. Akaniambia yeye alikuwa nawe hospitali, kwamba daktari alikuja kumchukua Zaki mikononi mwako ukakataa kumwachia. Akaniambia yeye ndiye aliyepeleka habari Lamu, na mimi ndimi niliyemfungulia mlango, nimejipaka unga mwili mzima. Nikamwambia ni mwongo. Nikampa mgongo, nikaingia ndani. Alinifuata kwa sauti kwamba hawatarudi Houston mpaka nitoke.

Melania akanikalisha kitini mara moja. Akaniambia nirudi mwanzo. Nikafumba macho, na picha ikaja kama kawaida: chumba, pazia, feni, mkono wako. Ila mlangoni palikuwa na mtu mpya. Mama mdogo alikuwa amesimama pale, ameziba njia, akitazama. Hakuwahi kuwamo katika picha ile hata siku moja. Na alikuwa mama mdogo huyu wa leo, mama, na miwani yake na mvi zikichungulia kwenye mtandio, kama alivyokaa pale kwenye ngazi. Zaki alipokufa, mama mdogo alikuwa msichana tu.

Nilifungua macho. Nikaelewa kwamba picha ile ilikuwa ikitengenezwa, na fundi ni mimi.

Nikamweleza Melania nilichokiona. Akafurahi, machozi yakamlengalenga, akasema sasa naona zaidi. Ndipo nikamuuliza yeye, juu ya mwanawe aliyefariki, walimwonyesha nini. Akasema, "Mimi niliuona mkono wangu mwenyewe."

Nikamshika mkono nikamwambia twende, twende wote, mama mdogo yuko nje. Akautoa mkono wake taratibu, kama anavyoutoa mkono wa mzee aliyelala asimwamshe. Akaniambia nikitoka kabla sijapona nitaondoka na picha ile na itanizika. Nilitoka na soksi tupu, bila viatu. Hakuna aliyenishika. Mama mdogo alinifunika kwa mtandio wake, na baba mdogo akaendesha moja kwa moja mpaka Houston.

Ningependa niishie hapa, mama, lakini nimechoka kuficha. Melania alisema kweli nusu. Picha haijatoka. Najua ni ya uongo, najua kama ninavyojua jina langu, lakini jicho halijui. Nikirukuu nasikia "rudi mwanzo." Nikikosea rakaa, nikalazimika kuanza tena, jasho hunitoka. Na sikupigi simu, si kwa sababu ya hasira; ni kwamba sauti yako ikianza tu, nauona mkono. Jumapili iliyopita ulizungumza na mama mdogo jikoni, nami nilisimama ukumbini nikikusikia, nikashindwa kuivuka ile hatua.

Lakini nakuja. Mwezi ujao, inshallah, baba mdogo atanipeleka uwanja wa ndege. Sitaki ukweli huu niupate kwa kuambiwa tena. Nataka niuone kwa macho. Nakuomba mambo mawili. La kwanza, nihadithie Zaki. Si alivyokufa. Nihadithie alivyocheka, alivyokuwa akilala, ulivyomwimbia. Najua litakuuma, lakini sina kitu changu cha kuweka mahali pa kile walichoniwekea. La pili, siku nitakayofika, ukiunyoosha mkono wako kunishika uso, huenda nikashtuka nikarudi nyuma. Usiuondoe, mama. Nitakapoanza kulia, usiuondoe. Uache hapo hapo mpaka niuzoee.

Mpongeze Afnan na umbusu mtoto pua yake hiyo. Nisalimie majirani wote wanaoniulizia. Waambie Yumna yu hai. Mama mdogo na baba mdogo wanakusalimu kwa mapenzi mengi. Mwenyezi Mungu akuweke mpaka tuonane.

Mwanao,
Yumna