Matanga Yako Tuliyasukia Ukili

Kaka Sumaili,

Nimechoka, na wewe ndiye pekee ninayeweza kukuambia, maana huwezi tena kuniuliza nimechoka na nini. Naandika kwa herufi za Kiarabu tulizofundishwa chuoni, na nikimaliza karatasi naichoma jikoni. Siku hizi nyumba ya hapa Palma ikikutwa na jina lako haibaki na watu.

Tangu ulipovuka Ruvuma vita vilipoanza, tulikuwa tukikupata redioni tu. Majirani tuliwaambia umekwenda Unguja kwenye karafuu. Baada ya magharibi tulifunga dirisha, tukaitoa redio kwenye mtungi wa unga, mimi, mama na mkeo, tukakusikiliza ukisoma habari za wapiganaji. Mwanzo ulisoma kama mtu aliyeshikwa shati. Mama alikuwa akikuambia, "Pumua, mwanangu." Miaka ikaenda, ukajifunza kupumua.

Ulijiita Mpita Njia, ukadhani umejificha. Lakini ulisalimia kama nyumbani. Huku kwetu mwenye habari ya msiba haanzi na msiba. Anauliza wazee, watoto, shamba, hata kuku, mpaka anayeambiwa ajiweke sawa. Wewe ukayapeleka hayo redioni. Salamu zikiwa fupi tulijua kambi ya Mreno imeungua. Zikirefuka, mama aliweka chini alichokishika. Idi moja ulirefusha kwa furaha tu, nusura tuangue kilio. Hilo sijakusamehe mpaka leo.

Jioni ile alisalimia kijana mwingine. Akauliza wazee, akauliza watoto, akauliza mihogo. Alipofika kwenye kuku mama akasema, "Basi, baba, sema." Akasema msomaji wetu wa siku zote amefariki kwa homa, amezikwa ng'ambo. Jina hakulitaja. Ulimfunza vizuri, na kwa hilo nilimchukia.

Tungelia vipi, kaka? Msomaji atangazwe amekufa jioni, asubuhi nyumba yetu ianze kilio na mkeo aingie eda? Hata sipai mjinga, askari mweusi wa Mreno, angejua. Mreno ameitafuta nyumba ya sauti yako tangu mwanzo, na wangemchukua mama kwanza. Tukakubaliana kunyamaza. Wifi tukamweka ndani, tukasema mguu umemvimba. Nilimziba mdomo kwa mkono wangu, akaning'ata. Alama ninayo.

Asubuhi nilipofungua mlango nikamkuta jirani yetu Bi Mwanahawa kibarazani na fungu la miyaa. Akasema, "Nimekuja kusukia ukili kwenu, kwangu jua kali." Jua lake na letu ni moja. Akaja mwingine, na mwingine, kila mmoja na miyaa yake, mpaka ua ukajaa. Waliketi chini, miguu wameinyoosha, kama wanavyoketi matangani. Hakuna aliyelia. Aliyezidiwa aliinama, akasuka kwa haraka zaidi. Walileta unga na samaki, wakapika bila kuuliza vyungu viko wapi. Siku tatu walikuja hivyo. Sipai alipita, akauliza mkeka wote huo wa nani. Mama hakuinua uso. Akamjibu, "Wa mwanangu." Sipai akadhani tuna harusi, akaenda zake.

Ndipo nilipoelewa. Miaka yote tuliyokuwa tukifunga dirisha na kuwapa hadithi za karafuu, walikuwa wanajua. Mtaa mzima uliijua sauti yako tangu salamu za kwanza, na hakuna hata mmoja aliyetuuza. Nililia hapo, mara yangu ya kwanza, nikasingizia moshi.

Vita bado. Kijana wako wa redioni anaendelea kusoma habari, na mimi namsikiliza kwa kuwa ni mazoea. Mama anakula kidogo na hazungumzi. Amelia kimyakimya mpaka kifua kimeanza kumuuma, na ndicho kinachonichosha kuliko njaa, kumwona mzazi anameza kilio kama dawa.

Pumzika, kaka. Mungu akulaze pema. Nami nakuahidi hili: siku Mreno atakapoondoka, nikiwa hai, tutakusomea khitima mchana, mlango wazi, na jina lako litatajwa lote, lako, la baba na la babu. Mama ataketi kibarazani, akulilie kwa sauti mpaka ashibe, na mtaa wote utamwitikia.

Mdogo wako,
Somoe