Mbele ya Kuchimba, Taja Jina

Liège, 9 Februari 1976

Mama mukubwa Tshibola,

Jambo sana. Mi niko muzima, ila baridi tu njo inanisumbua. Weye, unaamka muzuri? Mwalimu wetu wa farmasi aliangalia mukono wangu. Nilimuelezea namna, nikiwa mutoto, uji ya moto ilinimwangikia pa mbabula ya makala, ukanipakaa dawa yako, hata alama haikubakia. Anataka kuipima. Nitumie mizizi, uniandikie na namna ya kuitengeneza.

Mutoto wako,
Ngeleka

Kolwezi, 21 Machi 1976

Mutoto wangu Ngeleka,

Nashukuru Mungu kama uko muzima. Mi miguu inaniuma, lakini nakula. Mizizi iko mu kopo ya maziwa, Kabedi anakuletea, sababu anafuata bwana yake huko Bulaya. Itwange, uichemshe na mafuta ya ngazi, ile ya mawese, mpaka igeuke nyeusi.

Mutoto wa nyumba halipe kitu. Sheria iko moja tu: mbele ya kuchimba, unataja jina ya mwenye alikufundisha. Mi nataja mama yangu Ndaya. Weye utanitaja mi.

Mama yako mukubwa

Kolwezi, 3 Septemba 1979

Ngeleka,

Uko muzima? Nilikuandikia barua tatu, jibu hakuna. Bita ya mwaka jana, na masasi yake yote, ilituacha bazima, na batu wengi balipona moto kwa ile dawa.

Leo Godelieve wa dispensere alinionyesha tube ya dawa ya kupakaa, ya kutoka Bulaya. Nilinusa, nikajua ni dawa yetu. Pa karatasi yake wameandika «breve Ngeleka». Godelieve akanielezea: breve inasema hiyo kitu ilitoka mu kichwa yako, na mwingine asiitengeneze bila ruhusa yako. Nililia mbele ya bagonjwa. Labda balikosea. Niandikie kama balikosea.

Mama yako mukubwa

Liège, 14 Januari 1980

Mama mukubwa,

Natumaini uko muzima. Unisamehe kunyamaza. Kiwanda kingine kinatushitaki, mi na kiwanda yenye inatengeneza dawa: eti dawa haiko mupya kama breve inavyotaka, batu ba Kolwezi baliitumia tangu zamani. Kikishinda, breve inakufa, na kazi yangu inakufa nayo.

Nakutumia karatasi, tia sahihi tu. Inasema haukujua hii dawa, na hakuna mutu alipona nayo mbele ya 1976. Itume ku biro ya breve, adrese iko chini. Nitakujengea nyumba.

Mutoto wako,
Ngeleka

Kolwezi, 2 Machi 1980

Ngeleka,

Salamu nakupa, sababu nilikulea. Miguu yangu usiulize.

Karatasi nilisoma mara tatu. Unataka niseme Ndaya hakuchimba kitu, na mi pia. Umenikula, sasa unaniomba na chumvi.

Sahihi sikutia. Nyuma ya karatasi niliandika majina ya batu benye balipona na ile dawa, na mwaka ya kila mutu. Mukalay wa kazi ya shaba, 1961. Kabedi, 1966. Wako makumi ine na mbili. Godelieve alinisaidia na Kifaransa, tukaituma ku biro, ku ile adrese yenye ulinipa.

Jina ya kwanza ni yako. Ngeleka, miaka ine, mukono wa kushoto, 1955.

Mi nilikutaja.

Tshibola, mutoto wa Ndaya